Ukurasa wa Kumi na Tano

Uongo wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa kurasa kumi na nne, umeandikwa kwa wino mweusi katika daftari jipya lenye jalada la kijani, na Jumamosi ile mchana ulikuwa umelala juu ya meza ya sebuleni, kati ya ramani ya barabara na sahani ya karanga, umetulia kama mgeni aliyealikwa.

Asiyetulia alikuwa Futi.

Alikuwa mpima ardhi wa miaka thelathini na tisa, mrefu, mkimya. Jina la Futi walimpa wenzake kazini, kwa sababu hata wakati wa mapumziko macho yake hayakuacha kupima: mlango ule umepinda, rafu hii imezidi sentimita mbili. Leo hakupima chochote. Alikuwa akiwatazama wanawake wawili waliokaa upande wa pili wa meza, na kila mmoja alimtia hofu ya namna yake.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu. Alifundisha muziki katika shule ya wasichana, na Futi, hata baada ya miezi minane ya kupendana naye, hakuwahi kumwita kwa jina lingine. Hapo alipoinamia daftari, kidole chake cha shahada kilikuwa kikitambaa juu ya mistari polepole, kama mtu anayesoma barua. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa ndefu, za kushoto zimekatwa zikaisha. Futi alijua sababu. Alizijua kucha za wapiga gitaa kabla hajamjua Mwalimu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Wa pili alikuwa Shangazi, dada wa baba yake Mwalimu, mkunga aliyestaafu mwaka jana na ambaye bado aliamkia watu kwa kuwatazama tumbo kwanza. Alitumwa na mama yake Mwalimu. Mama alikuwa amekataa katakata: binti yake hazunguki barabarani siku tisa na mwanamume ambaye hajafika nyumbani kujitambulisha, tena mwanamume aliyefiwa na mke. “Huyo bado ana mtu ndani ya nyumba,” alisema Mama, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Baada ya wiki mbili za kununiana wakafikia suluhu: safari ipo, ila kiti cha nyuma ni cha Shangazi.

“Mimi na magitaa hatuna ugomvi,” alisema Shangazi, akimenya karanga. “Neno langu ni moja tu. Vyoo.”

“Shangazi, jamani!”

“Jamani nini? Nimezalisha watoto kwa mwanga wa tochi, mvua inanyeshea shuka. Sijalalamika. Lakini choo cha kituo cha mafuta, mwanangu, hapana. Futi, umeandika vyoo humo?”

“Nimeandika, Shangazi. Kila kilomita themanini.”

“Umeona?” Shangazi alimgeukia Mwalimu. “Mwanamume anayekufikiria mpaka huko si wa kumchezea.”

Mwalimu alicheka, akamwinulia Futi macho. Yalikuwa macho yenye shukrani, na Futi aliyakwepa kwa kujifanya anakunja pembe ya ramani.

Vyoo vilikuwa vyake kweli. Kilomita, vituo vya mafuta, madaraja mabovu, mahali pa kulala, hivyo vyote alivipanga mwenyewe. Mengine yote hayakuwa yake. Ukumbi wa wafanyakazi wa reli ambako wazee watatu hupiga magitaa kila Jumamosi alasiri. Kiwanda cha mbao ambako msimamizi hugonga kila ubao kwa kifundo cha kidole ili asikie kama utaimba. Kinyozi mwenye gitaa ukutani, ambaye akimaliza kichwa kimoja hupiga wimbo mmoja ndipo aite kichwa kingine. Fundi mstaafu wa redio mwenye kabati zima la kanda za zamani. Kila kituo kilikuwa kimetafutwa, kimeulizwa na kuandikwa na mwanamke mwingine, miaka minne iliyopita, katika daftari la bluu. Mwanamke huyo alikuwa mke wake.

Mwalimu alijua kuwa Futi aliwahi kuoa. Alijua kuwa mke alikuwa mfamasia, kwamba aliugua, na kwamba ni miaka mitatu sasa. Alipojaribu kuuliza zaidi, Futi alisema, “Alikuwa mtu mzuri,” kisha akauliza kama chai imekolea. Hakumwambia kuwa marehemu alipiga gitaa. Baada ya msiba mdogo wake marehemu alilichukua gitaa lile, nyumba ikabaki haina hata uzi mmoja wa kumsaliti.

Halafu jioni moja Mwalimu, wakitembea, alisema, “Natamani likizo moja tu ambayo sitamweleza mtu kwa nini nimesimama kusikiliza.” Futi akajikuta anajibu, “Kuna safari ninayoipanga.” Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Alirudi nyumbani akalitoa daftari la bluu, akijiambia atatafuta kituo kimoja tu cha kumfurahisha. Akanakili kimoja. Mwalimu alipokisoma alifuta macho kwa kiganja. “Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akafikiria kitu ninachokipenda,” alisema. Baada ya hapo Futi angefanya nini? Alinakili cha pili. Kila wiki ukurasa, mpaka zikafika kumi na nne.

Daftari la bluu lilikuwa na kumi na tano. Ule wa mwisho hakuugusa.

“Hapa sijaelewa,” alisema Mwalimu, kidole chake kikiwa juu ya kituo cha ukumbi wa reli. “Umeandika, ‘Kaa uso kwa uso na mpigaji, kama unayejitazama kwenye kioo.’ Wanafunzi wangu nawaketisha ubavuni, vidole vyote vielekee upande mmoja. Ukikaa uso kwa uso kila kitu kinageuka. Nani alikufundisha hivyo?”

Futi alikunjua pembe ya ramani. “Nilisoma mahali.”

“Mahali gani?”

“Sikumbuki, Mwalimu. Mahali tu.”

“Mwache mwenzio,” alisema Shangazi. “Mtu akipenda anasoma mpaka karatasi za kufungia vitumbua.”

Mwalimu alitabasamu, akafunga daftari, akalipigapiga kwa kiganja. “Sasa na mimi nina mchango wangu. Umesahau mtu mmoja. Siku ya nane tunapita kilomita ishirini tu kutoka kwake. Mzee Randa.”

Karanga aliyokuwa nayo Futi mkononi ilipasuka.

“Ni nani huyo?” aliuliza Shangazi.

“Fundi wa magitaa. Shangazi, huyo si fundi hivi hivi. Hakuchongei gitaa mpaka umpelekee mchoro wa mkono wako. Unauweka mkono kwenye karatasi, unauzungushia penseli, unamtumia. Shingo ya gitaa anaichonga kwa mkono huo, si kwa mwingine. Watu wa gitaa wote wanamjua.” Alimgeukia Futi. “Nimeshangaa hukumweka.”

“Ni mkali,” alisema Futi haraka. “Hapendi wageni. Tena ile barabara ya kwake, mvua zikinyesha…”

“Mvua zitakuwa zimekwisha. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa tatu.”

“Hata hivyo ni mzee sana. Labda haoni tena vizuri.”

“Ndiyo maana namba yake nimeiomba kwa rafiki yangu. Tumuulize yeye mwenyewe.”

Na kabla Futi hajapata uongo mwingine, Mwalimu alikuwa ameshapiga, akaiweka simu kwenye spika, juu ya ramani, katikati yao watatu.

Iliita mara nne. Futi aliomba moyoni isipokelewe. Mwaka wa kwanza baada ya msiba namba hiyo ilikuwa ikimpigia yeye kila baada ya wiki chache, naye akiitazama mpaka inyamaze. Mwaka wa pili ikapungua. Tangu mwanzo wa mwaka huu haikupiga kabisa, na Futi alipumua kama mtu aliyesamehewa, ilhali hakuna aliyemsamehe.

“Nani?” Sauti ilikuwa kavu, nyuma yake chombo kikikwaruza mbao.

“Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa muziki. Tunasafiri na wenzangu mwezi ujao, tungependa kupita tukusalimu, kama hutajali.”

“Marahaba. Salamu huwa sizikatai. Mnatokea wapi?”

“Njia anaijua mwenzangu, huyu hapa.” Mwalimu alimsogezea Futi simu kwa kidole, uso wake umechangamka kama wa msichana. “Mwambie.”

Futi alikohoa. Alijaribu kuifanya sauti yake iwe nzito zaidi. “Tunaanzia ukumbi wa reli, Mzee. Halafu kiwanda cha mbao.”

“Ehe.”

“Halafu kwa… kwa kinyozi. Kisha kwa fundi mmoja wa redio.”

Kule upande wa pili kukwaruza kulikoma.

“Hebu ngoja,” alisema Mzee Randa. “Ukumbi, mbao, kinyozi, redio. Njia hiyo mimi naijua. Huyo kinyozi nilimtaja mimi, kwa mdomo wangu huu, kwa simu, na mtu akaandika. Nilimsaidia Mama Shoto kupanga njia hiyo.” Akanyamaza kidogo. Kisha sauti ikapanda, imejaa furaha. “Wewe ni mume wake! Mpima ardhi! Ah, baba, mlikuwa wapi nyinyi watu?”

Shangazi aliacha kumenya.

“Nimekupigia simu mpaka nikachoka,” Mzee aliendelea. “Nikasema labda wamehama. Gitaa lake liko tayari siku nyingi! Limetulia, limekomaa, sasa linaongea. Watu wamelitaka nikawaambia lina mwenyewe. Tena watalifanyia nini? Limegeuzwa, ni la mtu wa mkono wa kushoto. Na shingo ni ya mkono wake yeye. Karatasi yake ninayo hapa ukutani, vidole vyake vile vifupi. Haya niambie, yeye mwenyewe hajambo?”

Futi alimtazama Mwalimu. Ule mwanga wa usoni mwake ulikuwa bado haujazimika wote, ulikuwa ukizimika mbele ya macho yake. Alitakiwa kusema neno moja tu la kweli. Alilitafuta, akaliona, lakini sauti ya yule mzee ilikuwa na furaha kiasi kwamba hakuweza kulitupa juu yake.

“Hajambo, Mzee,” alisema. “Anakusalimu.”

“Na mimi namsalimu sana! Mwambie aje haraka.”

Simu ilikatika.

“Haya,” alisema Shangazi polepole. “Basi marehemu anatusalimu.”

Aliinuka, akakung'uta maganda ya karanga kutoka kwenye sketi yake, akamtazama Futi si kwa hasira bali kama alivyozoea kumtazama mgonjwa aliyeficha dalili. “Nitakuwa kibarazani,” alisema. “Mwanangu, ukiniita nitasikia. Usiponiita pia nitasikia, maana ukuta wenyewe huu.” Akatoka, akaurudisha mlango.

Mwalimu hakulia wala kupaza sauti. Futi angependa apaze sauti.

“Yuko hai?” aliuliza.

“Hapana! Wallahi, Mwalimu, hapana. Miaka mitatu. Uliliona cheti, ulikiona… pale kwenye…” Alikuwa akichanganya maneno. “Amefariki. Sikukudanganya hilo.”

“Umenidanganya lipi?”

Futi aliitazama mikono yake. “Daftari.”

“Lote?”

“Lote.”

“Sitaki ‘lote’. Wewe ni mtu wa vipimo, nipe kipimo. Kurasa ngapi ni zako?”

“Barabara ni zangu. Kilomita. Na vyoo.”

Mwalimu aliguna. Kingekuwa kicheko siku nyingine. “Vyoo.”

“Nilitaka nikupe kitu kimoja tu,” alisema Futi. “Ukafurahi sana. Sijawahi kumfurahisha mtu namna ile. Nikasema nitakuambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na ukurasa mwingine.”

“Unajua mimi nilikuwa nafanya nini na kurasa zako?” Aligonga jalada la kijani kwa kidole. “Mama alikuwa akiniambia, huyo mwanamume ana mtu ndani ya nyumba. Kila akisema, naenda chumbani nasoma daftari. Najiambia, Mama hajui. Mtu anayejua kwamba ubao hugongwa kwa kifundo cha kidole, mtu anayeandika ‘usipige makofi haraka, acha uzi wa mwisho ufe wenyewe’, huyo ananijua mimi. Nimeusoma mstari huo mara mia, Futi. Nimeupenda. Kumbe nilikuwa nampenda mkeo.”

Lilikuwa jambo alilolijua Futi tangu ukurasa wa pili, lakini kulisikia likisemwa na mdomo ule kulimkata.

“Niletee,” alisema Mwalimu.

“Nini?”

“Daftari lake.”

Futi alienda chumbani. Alikuwa amelificha ndani ya sanduku la darubini ya kupimia, chini ya kitambaa, mahali ambapo hakuna mtu angegusa isipokuwa yeye. Alipolitoa aliona aibu mara mbili kwa mara moja: aibu ya kumnyang'anya marehemu kazi yake akaisema ni yake, na aibu ya kumvisha mtu hai nguo za mwingine bila kumwambia zilikuwa za nani. Alirudi, akaliweka mezani juu ya lile la kijani.

Mwalimu alilifungua kwa uangalifu. Mwandiko ulilalia kushoto, wino umepakazwa kila mstari pale mkono ulipopita juu ya maneno mabichi.

“Mashoto,” alisema taratibu. “Ndiyo maana ya kioo. Kwake yeye, ukikaa uso kwa uso ndipo vidole vinakaa sawa.”

“Ndiyo.”

Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Futi alibaki amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mara Mwalimu alisita, akasoma kwa sauti, “‘Ukumbi wa reli, saa tisa alasiri. Futi atalala kwenye kiti. Nisimwamshe, ameendesha tangu alfajiri, na hata akiwa macho hatasikia kitu.’” Aliinua macho. “Hivi ndivyo ulivyo?”

“Ndivyo nilivyo.”

“Hupendi gitaa.”

“Sijui kulipenda. Siwezi kutofautisha zuri na baya. Alikuwa akinichezea nyimbo mbili ananiuliza ipi bora, nami nasema zote.”

Safari hii Mwalimu alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na papo hapo machozi yakafuata. Alijifuta kwa mgongo wa mkono, akafika ukurasa wa kumi na tano. Huo ulikuwa na mistari michache. Jina la Mzee Randa, namba, na chini yake: “Mchoro umetumwa. Gitaa tutalichukua wenyewe.”

“Nani aliutuma?”

“Mimi. Yeye alikuwa ameshalazwa. Nilishika karatasi, akaweka mkono wake wa kulia, ule wa kubana nyuzi, nikauzungushia penseli. Kazi yangu ni kuchora mipaka, Mwalimu, sikuwahi kuchora polepole kama siku ile. Alinitania kwamba nimemnenepesha kidole gumba. Tulikuwa tunasema tutaondoka akipata nafuu.” Futi aliligusa jalada la bluu. “Baada ya wiki mbili akafariki. Mzee alipoanza kupiga simu, sikupokea. Nilisema nikishamwambia yule mzee, basi.”

“Basi nini?”

“Basi tu.”

Kibarazani, Shangazi alipiga chafya.

Mwalimu alifunga daftari la bluu. Aliliinua la kijani, akalitazama, akaliacha. Alichukua mkoba wake, akaenda mlangoni, akainama kutafuta viatu vyake. Alikuwa amevaa kimoja aliposimama, mkono ukutani, mgongo wake kwa Futi.

“Nijibu kitu kimoja, tena usinakili popote,” alisema. “Ukisikia gitaa, wewe, unasikia nini?”

Futi hakuwa na jibu zuri. Alikuwa na la kweli tu, nalo alilionea haya.

“Nasikia kwamba kuna mtu nyumbani.”

Bega la Mwalimu lilitikisika kidogo. Aligeuka. “Mtu yeyote? Ndiyo kusema yeyote mwenye gitaa angetosha?”

“Hapana.”

“Tofauti yangu ni nini basi? Umesema mwenyewe huwezi kutofautisha.”

“Siku ile nilikuwa napima mpaka wa shule,” alisema Futi. “Nilisimama nje ya dirisha la darasa lako. Si kwa ajili ya wimbo. Ulikuwa unarudia mahali pale pale, na kila ukikosea ulikuwa unasema ‘samahani’. Peke yako darasani. Unaliomba gitaa msamaha.” Alijaribu kuutazama uso wake na akaweza. “Mke wangu hakuliomba gitaa msamaha hata siku moja. Alikuwa akilitukana, matusi ya sokoni. Wewe ukasema samahani mara saba, nilihesabu. Nikacheka pale nje na fimbo ya kupimia mkononi, wasaidizi wangu wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa sijacheka tangu msiba. Hilo halimo kwenye daftari lolote, Mwalimu. Hilo ningekuambia, lakini niliona ni dogo mno kumpa mtu. Nikaona nikupe safari.”

Mguu wenye kiatu na mguu usio na kiatu, Mwalimu alisimama amepinda upande, na Futi hakujua kama ni hasira au uchovu uliomweka pale.

“Kwenye safari hiyo mimi siendi,” alisema mwishowe. “Si kwamba namchukia. Namheshimu. Hiyo ni safari yenu.”

“Naelewa.”

“Na kuhusu mimi na wewe sijui. Usinisukume nijue leo.”

“Sikusukumi.”

“Lakini kuna jambo moja siwezi kutoka hapa nikaliacha.” Aliionyesha simu kwa kidevu. “Yule mzee hivi sasa anafuta vumbi gitaa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Umemfufua mbele yangu, Futi. Mpigie.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi. Na kwa simu yako.”

Futi aliitoa simu yake mfukoni. Namba ilikuwa bado imo, chini ya majina mengine mengi. Vidole vyake, vilivyozoea kushika ala za kupimia bila kutikisika, vilikosea mara mbili. Ikaita mara moja tu.

“Mpima ardhi!” alisema Mzee Randa. “Umesahau kuniambia siku.”

“Mzee.” Futi alishika ukingo wa meza. “Nilikudanganya. Mama Shoto hayupo. Alifariki. Ni miaka mitatu sasa, wiki mbili baada ya kukutumia ule mchoro. Ulipokuwa ukipiga simu nilikuwa naziona. Niliogopa kuzipokea.”

Kilisikika kitu kizito kikiwekwa chini taratibu, chuma juu ya mbao. Halafu pumzi.

“Miaka mitatu,” alisema Mzee. “Nyuzi nimelibadilishia kila mwaka, asije akalikuta na nyuzi zilizokufa.”

“Nisamehe, Mzee wangu.”

“Nilikuwa naongea naye nikichonga. Namwambia, Mama Shoto, mti huu ni mkaidi kama wewe.” Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa. “Ningeomboleza na mimi, baba. Ungeniambia ningeomboleza na mimi. Umeninyima.”

Futi hakujitetea. Machozi yalikuwa yakimdondokea juu ya ramani naye hakuyafuta.

“Nakuja,” alisema. “Nakuja kulichukua.”

“Na nani?”

Aliinua macho. Mwalimu alikuwa bado mlangoni, akimtazama moja kwa moja, wala uso wake haukumpa jibu lolote.

“Peke yangu,” alisema Futi. “Safari hii nakuja peke yangu.”

“Vema. Uje.” Mzee alivuta pumzi. “Sasa niambie alivyoondoka. Usinifupishie. Mimi mkono wake ninao ukutani hapa, nina haki ya kujua.”

Futi alifumba macho. Miaka mitatu hakuwahi kumwambia mtu, si ndugu, si wenzake wa kazini, si mwanamke aliyesema anampenda. Alisikia kiatu kimoja kikivuliwa na kuwekwa sakafuni, kisha kiti cha upande wa pili wa meza kikivutwa, na mtu akikaa.

“Ilianza na homa,” alisema. “Siku ya Jumatatu. Alikuwa jikoni, anaimba vibaya makusudi ili nimkataze.”

Na Mwalimu, mikono mapajani, akasikiliza.